Kansas City, Rochester au Chicago: midoli na vijumba, uwapeleke watoto wapi?

Shemeji yangu anaishi Buffalo, sisi tuko Kansas City, na kila likizo ya shule inapokaribia simu huanza: safari hii nani amfuate nani? Mwaka huu swali limekuja na nyongeza. Wanawe wameona kwenye simu picha ya kijumba chenye kabati, ndani ya kabati vijisahani, na juu ya kijisahani kimoja kijimkate kilichokatwa slesi. Tangu hapo hawataki kusikia habari za bwawa la kuogelea. Wanataka "makumbusho ya midoli". Sasa mama yao ananiuliza: waje huku kwetu, sisi twende kwao tuingie ile ya Rochester, au tukutane Chicago, ambako nako kasikia kuna vyumba vidogo ambavyo hata mtoto wa kutambaa hapiti mlangoni?

Nikamtumia ujumbe wa sauti wa dakika 11. Akanijibu kwa kikatuni cha mtu aliyelala. Kwa hiyo naandika, na wengine mtakaonufaika mnakaribishwa, maana najua si sisi peke yetu. Familia zinazozungumza Kiswahili ni nyingi Kansas City na ni nyingi kaskazini mwa jimbo la New York: Wakongo, Warundi, Wabantu wa Kisomali, Wakenya na sisi Watanzania. Wote tuna watoto wanaotuuliza Jumamosi asubuhi, "Leo tunaenda wapi?"

Nimeingia kote huko kwa nyakati tofauti, na watoto wa umri tofauti. Kansas City niliingia mara moja na baba mkwe, seremala wa Morogoro, aliyekuja kututembelea. Safari hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi, nitaisimulia.

Kwanza, midoli ni kitu kimoja na vijidude ni kitu kingine

Ukichanganya hivi viwili utakosea safari. Kitu cha kuchezea kimetengenezwa kiguswe, kivutwe, kiangushwe, kililiwe. Ukikikuta kwenye kabati la vioo baada ya miaka 100 bado kina alama za mwenyewe: mwanasesere pua imelika, gari la bati limetoka rangi pale dole gumba lilipokuwa likishika. Vipimo navyo havijali. Ndani ya kijumba cha kuchezea sufuria inaweza kuwa kubwa kuliko kitanda, na mtoto haoni shida yoyote, kama sisi tulivyopika ugali wa udongo kwenye kifuniko cha soda tukawagawia watu wanane.

Kijidude cha kifundi ni habari nyingine. Hakikutengenezwa kwa ajili ya mtoto hata kidogo. Fundi anachukua kiti halisi, anakigawa kwa 12, kila futi inakuwa inchi, na kila kitu kinapaswa kutii: unene wa mguu, upana wa maungio, kitasa, bawaba, ufunguo. Kiti chenye kimo cha inchi 36 kinakuwa cha inchi 3. Sisi wenye Kiswahili tumezoea njia ya mkato, tunatia "kiji" mbele ya neno na kazi imekwisha: kijimeza, kijikombe. Fundi hana bahati hiyo.

Mtoto wa miaka minne huvijali vya kwanza na hutaka kuvishika. Vya pili humgusa mtu aliyewahi kutengeneza kitu kwa mikono yake, au mtoto mwenye macho ya subira. Hapo ndipo uamuzi wote ulipo, na ndiyo sababu nisingekushauri uanze kwa kuangalia umbali au kiingilio.

Kansas City: jumba lililojaa vijumba

Jina lake kamili ni National Museum of Toys and Miniatures, kwa hiyo limebeba vyote viwili. Lilianzishwa na wanawake wawili marafiki, Mary Harris Francis na Barbara Marshall. Mmoja alikuwa na ugonjwa wa vijumba vya wanasesere na midoli ya kale, mwingine ugonjwa wa vijidude vya kifundi. Marshall alikuwa binti wa Joyce Hall, mwanzilishi wa kampuni ya kadi ya Hallmark ya papa hapa Kansas City. Mikusanyo ilipozidi nyumba zao walifungua makumbusho mwaka 1982 katika jumba la kitajiri la mwanzoni mwa karne ya 20, lililo kwenye eneo la UMKC, yaani Chuo Kikuu cha Missouri cha hapa Kansas City, barabara ya Oak. Lilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Agosti 2015. Hazina yake ina vitu zaidi ya 70,000, na wenyewe hujitangaza kuwa mkusanyo wao wa vijidude vya kifundi ndio mkubwa kuliko wote duniani. Kwa niliyoyaona, sina ubishi.

Sasa baba mkwe. Nilimpeleka nikiwa na wasiwasi. Mzee wa miaka 70 na ushee, umwambie unampeleka kuona midoli? Njiani alikuwa kimya ile kimya ya heshima. Tulipofika kwenye vijidude akasogeza uso kwenye kioo mbele ya kabati dogo lenye watoto wa meza wadogo, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Mimi na watoto tukazunguka. Tuliporudi bado yuko palepale.

"Baba, umechoka? Tukutafutie kiti?"

"Hebu njoo uone. Huyu kaunga kwa meno. Hakuna msumari." Kisha, baada ya muda: "Patasi yake ina upana gani huyu?"

Ndilo swali hasa. Kwa uwiano huo, jino la kuungia mbao ambalo kwenye meza yako ni nusu inchi linakuwa kama milimita moja. Fundi wa kazi hizi mara nyingi hulazimika kutengeneza kwanza vifaa vyake, ndipo atengeneze kabati. Mmoja wa mafundi wanaosifika zaidi katika sanaa hii, William Robertson, ni mtu wa Kansas City, na kazi zake zimo humo ndani.

Baba mkwe akaona jambo jingine ambalo mimi nisingeliona hata ningepita mara 100: mbao. Mti haupunguzwi. Unaweza kupunguza kiti mara 12, lakini nyuzi za mti wenyewe zinabaki na ukubwa wake, na ukitumia mbao yenye nyuzi pana kijimeza chako kitaonekana kimechongwa kwenye gogo. Kwa hiyo mafundi huchagua miti yenye nyuzi zilizobanana sana, kama mpea. "Mninga hapa ungeumbuka," akasema mzee. "Lakini mpingo ungekaa." Na kweli, kubanana huko kwa nyuzi za mpingo ndiko kunakofanya usafirishwe kutoka kusini mwa Tanzania kwenda kutengenezewa klarineti na obo huko Ulaya. Tulitoka humo na darasa la useremala ambalo sikulilipia.

Kitambaa nacho kina ukaidi wake. Pazia la chumba chako huanguka vizuri kwa sababu ya uzito wake, na kipande kidogo cha kitambaa kilekile hakina uzito huo, kinasimama kama kadibodi. Ndiyo maana fundi hutafuta hariri nyembamba mno kisha huilazimisha ilale mikunjo. Ukiyajua haya mawili, mbao na kitambaa, utaangalia kila kijichumba kwa jicho jingine, na utawapa watoto kitu cha kutafuta: "Nani ataniambia pazia lipi limedanganya?" Mwanangu wa miaka tisa alimaliza nusu saa nzima kwa mchezo huo.

Upande wa midoli niseme ukweli wangu. Kwa Mmarekani wa makamo, sehemu kubwa ya vitu hivyo ni utoto wake mwenyewe. Nimeona bibi mmoja akimshika mumewe mkono mbele ya jiko dogo la bati, macho yamelowa. Mimi kwangu lilikuwa jiko la bati. Midoli usiyokulia nayo haikuiti. Vijumba vya kale vya wanasesere vinapendeza hata hivyo, kwa sababu ni kama kuchungulia nyumba za matajiri wa karne ya 19 bila kubisha hodi: jikoni kuna vyombo vya shaba, juu kuna chumba cha mtumishi chenye kitanda kimoja na hakina pazia. Aliyekitengeneza hakukusudia kutuambia habari za mtumishi, lakini ameziambia.

Kilichonikamata mimi ni gololi. Wana mkusanyo wa gololi usio wa mchezo. Zile za zamani za Ujerumani, za kioo, zilizotengenezwa kwa mkono, zina kovu dogo mahali kioo kilipokatwa kutoka kwenye fimbo. Za mashine hazina. Nilisimama pale nikamkumbuka kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyenishinda gololi zangu zote mwaka niliokuwa darasa la tatu, nikajikuta naangalia kwenye kabati kama zimo.

Upungufu wake? Mikono. Vipo vichache vya kushika, lakini kiini cha jumba ni vioo. Mtoto wa chini ya miaka mitano atachoka ndani ya dakika 20, na wewe utatumia muda uliobaki kusema "usiguse". Kwa mtoto wa miaka minane na kuendelea, au mtu mzima yeyote mwenye fani ya mikono, fundi cherehani, sonara, seremala, mpishi wa keki, saa mbili hazitoshi.

Kuna nyongeza ya bure. Ukitoka, fuata barabara ileile ya Oak kwenda kaskazini, mwendo wa kama maili moja, utafika Nelson-Atkins Museum of Art. Kuingia kuona mkusanyo wake wa kudumu ni bure. Kwenye majani ya uwanja wake yamelala madude manne, vinyoya vya badmintoni vilivyotengenezwa na Claes Oldenburg na Coosje van Bruggen mwaka 1994, kila kimoja karibu futi 18. Mtoto aliyetoka kuona kiti cha inchi 3 halafu akakutana na kinyoya kirefu kuliko nyumba yenu, huhitaji kumweleza sanaa ni nini.

Rochester: lete mikono

The Strong National Museum of Play nayo ilifunguliwa mwaka 1982, na nayo imetoka kwenye mkusanyo wa mwanamke tajiri, Margaret Woodbury Strong, aliyekuwa na hisa nyingi za kampuni ya kamera ya Kodak na wanasesere wapatao 27,000. Alifariki mwaka 1969 akaacha mali ya kuanzishia makumbusho. (Nikupe jambo la pembeni: hata Chicago, kama utakavyoona, ni wanawake. Sehemu zote nilizozilinganisha hapa zimeanzishwa na wanawake waliokusanya vitu vidogo. Sijui kwa nini nilitegemea iwe vinginevyo. Nani alikuwa akitunza vikombe vya harusi nyumbani kwenu?)

Lakini waendeshaji wa Rochester waligeuza njia. Badala ya kubaki na makabati ya wanasesere, walifanya mchezo wenyewe kuwa mada, na mwaka 2023 wakafungua upanuzi mkubwa. Mtoto anasukuma kitoroli kwenye duka la kujifanyia ununuzi, anapitisha bidhaa kwenye mashine, anapanda jukwaa, anacheza michezo ya video ya zamani na ya sasa. Kuna farasi wa kuzunguka wa mwaka 1918. Hilo duka peke yake limewahi kutuchukua saa nzima na nusu. Binti yangu alikataa kuondoka kwenye kaunta kwa sababu "wateja bado wapo". Ni kujipikilisha kwetu kulekule, mchezo wa baba na mama au kalongolongo kama wanavyosema Kenya, tofauti ni kwamba hapa kuna risiti.

Kelele ni nyingi. Usimpeleke mzee anayependa utulivu siku ya Jumamosi yenye mvua, labda kama mna ugomvi.

Mtu mzima naye ana lake, nalo ni National Toy Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa vitu vya kuchezea. Ulianzishwa mwaka 1998 huko Salem, Oregon, ukahamia Rochester mwaka 2002. Kila mwaka vinachaguliwa vitu vichache vya kuingizwa. Utavikuta vya majina makubwa: Barbie, LEGO, Monopoly, vyote vya mwaka ule wa kwanza. Gololi ziliingia mwaka huohuo, kamba ya kuruka mwaka 2000, drafti 2003, kishada 2007. Halafu wakaanza kuingiza vitu vinavyomfanya mtu aliyekulia Kigoma au Kisumu asimame na kucheka kwa sauti: boksi la kadibodi, 2005. Kijiti, 2008. Mpira, 2009. Mchanga, 2021.

Kijiti! Nilimwonyesha mke wangu, akasema, "Basi sisi tulikuwa matajiri." Hakuna gari la waya pale, na hakuna mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani, lakini kijiti na mchanga vinatosha kwa mzazi wa kwetu kupata mahali pa kuingilia na hadithi. Mweleze mtoto ulivyotengeneza gari kwa waya wa uzio na matairi ya kandambili iliyokwisha, ukiwa umesimama mbele ya kijiti kilichowekwa kwenye kioo na kupewa heshima. Nyumbani hasikilizi. Pale husikiliza.

Dubu naye yumo tangu 1998, na yeye ana nasaba inayofika kwetu. Jina la Kiingereza la dubu wa kuchezea limetokana na Rais Theodore Roosevelt, aliyekataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kamba alipokuwa kwenye mawindo Mississippi mwaka 1902. Wachora katuni wakamfanyia kazi, wauza midoli wakafuata. Mwaka 1909, baada ya kuacha urais, huyohuyo alishuka bandarini Mombasa na msafara wa mawindo, na yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama zaidi ya 500. Hakuna simba wa kuchezea aliyepewa jina lake.

Kwa vijidude vya kifundi, Rochester si mahali pake. Wanasesere na vijumba vipo, lakini vimezungukwa na mchezo mwingi kiasi kwamba jicho halitulii. Kama wanao wanakililia kile kijimkate cha slesi, watasahau walichokijia, jambo ambalo si lazima liwe baya.

Kwa wanaoishi Buffalo ni safari ya saa moja na kidogo kwa gari. Wa Toronto wanaweza kuja na kurudi siku moja, wakizingatia mpaka na karatasi zao. Na ikiwa mna wageni kutoka nyumbani, Niagara iko njia hiyohiyo.

Chicago: vyumba vya Bibi Thorne, na ngome

Chicago hakuna makumbusho ya midoli kwa maana ya hizi mbili. Kuna vitu viwili vikubwa ndani ya makumbusho mawili tofauti, na hapo ndipo watu hukosea mahesabu.

Cha kwanza ni vyumba vya Thorne, ndani ya Art Institute of Chicago, ghorofa ya chini. Ni vyumba 68 vilivyobuniwa na Narcissa Niblack Thorne na kutengenezwa na mafundi kati ya 1932 na 1940, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, mafundi wazuri walipokuwa hawana kazi. Uwiano ni uleule wa futi kuwa inchi. Vinaonyesha ndani za nyumba za Ulaya tangu karne ya 13 na za Marekani tangu karne ya 17, hadi miaka ya 1930.

Ukilinganisha na Kansas City: kule unaona kitu kimojakimoja na mikono ya fundi mmojammoja, huku unaona chumba kizima na hewa yake. Thorne alikuwa mjanja wa mwanga. Dirisha limefunguliwa kidogo, nje kuna bustani iliyochorwa, na mwanga unaingia kama wa saa kumi jioni. Ndani hakuna mtu. Hakuna mwanasesere hata mmoja. Kitabu kimeachwa mezani, mlango umeachwa wazi kwenda ukumbi usiouona vizuri, na wewe unabaki ukisubiri mwenye nyumba atokee. Mimi vinanitia upweke kidogo, na bado nisingevikosa. Mwezi wa Desemba baadhi hupambwa kwa sikukuu, na hapo foleni huwa ndefu.

Cha pili ni ngome ya Colleen Moore, nyota wa filamu zisizo na sauti. Alianza kuijenga mwaka 1928, ikakamilika 1935, ikamgharimu karibu dola 500,000 za wakati ule, ikazungushwa Marekani kuchangisha fedha za watoto wenye shida. Tangu 1949 iko kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda ya Chicago, ambayo siku hizi yamebeba jina la Griffin. Mnara wake mrefu una futi 12. Ina umeme na ina maji ya bomba. Na hapa utaona ukaidi mwingine, ndugu wa ule wa mbao: maji hayapunguzwi. Tone ni tone. Kwenye bakuli la ukubwa wa ukucha linakaa kama kioo cha mviringo, halimwagiki kama maji ya beseni.

Kwa mapambo yaliyopita kiasi hakuna mshindani. Mabinti zangu waliiabudu. Mimi niliiona kama keki ya harusi yenye ghorofa moja zaidi ya inayohitajika, lakini mimi siye niliyeulizwa.

Tatizo ni kwamba makumbusho haya mawili yako mbali, moja katikati ya jiji na jingine Hyde Park, maili kama saba kusini, na kila moja lina tiketi yake. Hakuna anayeyamaliza yote kwa siku moja akiwa na watoto na akabaki na tabia njema. Ukilazimika kuchagua moja, mtoto mdogo mpeleke kwenye ngome, maana jumba lile lina mambo mengine ya kubonyeza na kuendesha. Mtoto mkubwa anayechora au kusoma hadithi za kale mpeleke kwa Thorne. Art Institute watoto chini ya miaka 14 huingia bure. Mtu mzima, jiandae.

Mfuko

Bei sizitaji kwa sababu hubadilika, na siku za kufunga nazo. Tazama tovuti ya mahali husika usiku wa kuamkia safari, si wiki mbili kabla. Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi. Makumbusho mengi Marekani yamo kwenye mpango uitwao Museums for All: familia yenye kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula, huingia kwa dola 3 au chini ya hapo kwa mtu, na kwingine bure. Unaonyesha kadi na kitambulisho mlangoni, basi. Piga simu kwanza uulize kama unapokwenda wamo na idadi ya watu wanaoruhusiwa kwa kadi moja. Usione haya. Mpango umewekwa utumike.

Maktaba za mitaa nazo mara nyingi huazimisha pasi za makumbusho kama zinavyoazimisha vitabu. Ulizia kwenye kaunta.

Kwa jumla ya gharama, Chicago ndiyo inayouma, na sababu yake ni maegesho, hoteli na chakula cha katikati ya jiji kuliko tiketi zenyewe. Kansas City ni nyepesi kuliko zote. Rochester iko katikati, ila ukishalipa unakaa kutwa, hivyo kwa saa moja inaweza kuwa rahisi kuliko unavyodhani.

Basi, shemeji

Wewe una wawili: mmoja ana miaka mitatu, mwingine 11. Hawa hawawezi kufurahi mahali pamoja, hilo ulishalijua kabla hujaniuliza. Wa miaka mitatu mikono yake haijatulia hata akilala, na Rochester iko mlangoni kwako. Huyo mpeleke mwenyewe, Jumanne au Jumatano ya likizo, asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa, usitusubiri sisi.

Yule wa 11 ndiye aliyekiona kijimkate. Mpandishe ndege au mlete mwenyewe, atakaa kwetu wiki moja, nitampeleka barabara ya Oak pamoja na wanangu, nitawapa kila mmoja daftari na penseli na kazi ya kutafuta pazia linalodanganya. Chicago tuiache hadi Desemba, vyumba vya Thorne vikishapambwa, na safari hiyo waje watu wazima tu.

Na baba ukimpigia, mwambie amesahau miwani yake ya kusomea kwenye gari langu, ndani ya boksi lake. Pamoja nayo kuna kipande cha karatasi alichochora kabati lenye watoto wa meza sita, na pembeni kaandika vipimo vyote kwa milimita.